Kinamasi cha Amolo

Wapo watu ambao riziki huwaotea nyuma ya nyumba, nao huiruka kila asubuhi wakienda kuitafuta kwingine. Selpha wa Asembo Bay hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwerevu wa mikono na wa kichwa, na ilichukua miaka mingi na sifa tele kumfikisha huko. Nayasema haya mapema ili msomaji asianze kumhurumia kabla ya wakati. Huruma anastahili, sikatai, ila kwanza alaumiwe kidogo.

Chini ya boma lao, pale nchi kavu inapokutana na ziwa, palikuwa na kinamasi cha mafunjo. Yalikuwa marefu kumpita mtu mzima, na mizizi yake ilikuwa imeshikana ndani ya matope hata ungeweza kutembea juu yake usizame. Mwenye kinamasi alikuwa Amolo, mama mkwe wake Selpha, ajuza aliyekula chumvi nyingi na asiyependa maneno mengi. Pale palikuwa na sheria, na sheria zote zilikuwa za Amolo. Hukati funjo changa. Hukati chini ya maji, kwani kisiki kikizama huoza. Ukikata ukanda mmoja mwaka huu, unauacha upumue mwaka mzima kabla hujaurudia. Na mzizi hung'oi, hata mmoja.

Mume wa Selpha, Ogola, alizama ziwani mwaka wa 1984, akamwachia watoto watatu na nyumba inayovuja. Amolo, aliyekuwa amefiwa na mwana wake wa pekee wa kiume, hakumpa mkaza mwana maneno mengi ya faraja. Alimpa mundu. "Nyar Gem," alimwambia, akimwita binti wa Gem kwa kutaja kwao, kama ilivyo desturi ya huko, "tumelia vya kutosha. Shuka ukate." Selpha akashuka. Akajifunza kupasua mafunjo, kuyaanika kivulini siku nane na kuyasuka, naye akawalisha wanawe kwa vikapu vya kuuza sokoni.

Mwaka wa 1987 akaja Mzee Muhidin. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mjini Kisumu, Mwislamu ambaye babu yake alifika bara akifuata reli. Alinunua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, waliokaushwa kwa moshi pale Asembo Bay, akawapeleka Sondu na mbele zaidi, kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Shida yake ilikuwa moja, nayo ilimnyima usingizi. Katika magunia, samaki walifika wamepondeka. Katika makatoni, umande uliyalainisha yakapasuka. Mifuko ya plastiki ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi, kwani samaki walitoa jasho humo ndani na siku ya pili walinuka hata mbwa akasita.

"Mama Walter," alisema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake, "sitaki kikapu cha sokoni. Nataka chombo cha kumfikisha samaki Kericho akiwa mzima, kisha kinirudie, kimpeleke mwingine."

Walishindana na chombo hicho mwaka mzima. Cha kwanza kilikuwa cha mviringo, kama vile vya kutilia mtama. Muhidin alikijaza samaki, akapanda nacho hadi darini mwa ghala lake, akakiachia kianguke. "Ndivyo makuli wanavyonifanyia," alieleza. Walipokifungua, samaki wa chini walikuwa unga mtupu. Cha pili kilikuwa bapa na imara, lakini kilisukwa kwa kubana mno, hewa isipite, na samaki wakaota ukungu. Cha tatu kilikatika vishikio. Cha nne kilikuwa na kila kitu, ila vikirudi vitupu vikapu ishirini vilijaza gari zima, na mwenye gari akakataa kuvibeba.

Selpha alikaa na tatizo hilo majuma mawili, asile vizuri wala asizungumze na mtu. Hatimaye akasuka kikapu chenye mdomo mpana na kitako chembamba, hivi kwamba vitupu kumi viliingia kimoja ndani ya kingine. Chini ya ukingo aliacha matundu ya hewa. Ndani alitandika majani makavu ya mgomba, ambayo hunyonya jasho la samaki na kubadilishwa kila safari. Kifuniko kilifungwa kwa kamba ya mafunjo yale yale. Hakukuwa na msumari, wala uzi wa dukani, wala kipande cha plastiki. Kikapu hicho kilienda Kericho na kurudi mara nane au tisa, na kilipochakaa kilitupwa shambani kikawa mbolea.

Muhidin alikiangusha kutoka darini mara tatu. Alikifungua, akatazama samaki mmoja mmoja, akakifunga tena. "Hiki ndicho," alisema. "Kuanzia leo sitaki kingine, na sitaki cha mtu mwingine."

Ikawa hivyo kwa miaka minane. Kazi ilipozidi, Selpha aliwaita wanawake wenzake, wakawa tisa, kila mmoja na ukanda wake wa kukata katika kinamasi cha Amolo. Vikapu viliporudi kutoka mjini havikuja vitupu. Muhidin alisema kwao chombo cha watu hakirudishwi kikiwa na upepo mtupu, basi ndani ya kile cha juu alitia sukari, au vitunguu, au mche wa sabuni. Amolo, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alikunywa chai ya sukari hiyo bila kunung'unika, na kwake huko kulikuwa kusifu.

Lakini mja habebi mzigo mmoja miaka yote asiuchoke. Selpha alichoka kuamka na kuingia majini hadi kiunoni. Alichoka na ruba miguuni. Zaidi ya yote alichoka kunuka samaki, maana harufu ile ilikuwa imeingia hadi katika nguo za Jumapili, na kanisani aliwaona akina mama fulani wakisogea kidogo kwenye benchi alipoketi. Hakumwambia mtu, ila lilimuuma sana.

Ndipo magugu maji yakaja. Yalikuja yakielea, na maua yake ya zambarau, watoto wakayachuma wakachezea. Muda si muda ziwa likawa limefunikwa toka ufukoni hadi macho yanapoishia. Mitumbwi haikutoka. Nyoka wakajaa. Wavuvi walikaa wakiitazama mali yao chini ya zulia la majani wasiweze kuifikia. Mwaka wa 1996 akafika Bwana Gordon, afisa wa mradi mmoja uliofadhiliwa na watu wa ng'ambo, kijana nadhifu mwenye ofisi Kisumu na nyumba ya kupanga mtaani Migosi. Alikuja na kijisanduku kilichosukwa kwa mabua ya magugu maji. Alieleza kwamba maduka ya Ulaya yalitaka visanduku kama hivyo vya kutilia sabuni na kahawa, wanunuzi wa huko wakiwa wamechoshwa na plastiki, na kwamba hapa adui wa ziwa angegeuzwa kuwa riziki. Alikuwa ameviona vikapu vya Selpha sokoni Kericho.

"Nimesomea kazi hii ya vifungashio," alimwambia mbele ya kikundi chote, "na sijaona kilichofikiriwa vizuri kama kile kikapu chako. Mama, wewe ni mbunifu."

Neno hilo lilimwingia. Kwa Muhidin alikuwa Mama Walter, kwa Amolo alikuwa nyar Gem, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita kitu kilichosikika kama cheo. Gordon alimpeleka Nairobi kwenye maonyesho, akasimama mbele ya meza yenye jina lake, akapigwa picha. Alirudi Asembo Bay akiwa ameota mapembe. Akabuni kisanduku cha magugu chenye mfuniko wa kuteleza, laini, kisicho na harufu yoyote, na haukupita mwezi ikaja oda ya visanduku elfu moja na mia mbili.

Mradi ulikuwa na masharti mawili. Kikundi kiache kazi nyingine zote, na kiwe na uwanja wa kuanikia. Magugu maji ni maji matupu. Lundo la ukubwa wa jiko likikauka hupati zaidi ya mzigo wa kubeba kwapani. Ulihitajika uwanja mkubwa, wa wazi, karibu na maji. Palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, napo paliota mafunjo.

Selpha alimwendea mama mkwe wake, aliyekuwa akipeta mtama. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya Ulaya, na sabuni, na maonyesho. Amolo alimsikiliza hadi mwisho.

"Hayo magugu mizizi yake iko wapi?" aliuliza.

"Hayana haja ya ardhi, Mama. Yanaelea tu. Yamejaa ziwa lote, hakuna wa kuyamaliza."

"Kinachoelea huondoka."

"Yataondoka yaende wapi? Serikali yenyewe imeshindwa kuyaondoa."

Amolo aliweka ungo chini. "Kinamasi kilikuwa kiwe cha Ogola, na Ogola alikuwa mume wako. Sitakushika mkono. Ila usiniombe baraka."

Selpha hakuiomba. Wanaume kumi wenye majembe na mapanga walifanya kazi majuma matatu, maana mizizi ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko Amolo. Waliikata vipande vikubwa, wakavisukuma ziwani, na vilivyobaki wakavitia moto. Kisha wakamwaga murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe unaomwagwa barabarani, na kusawazisha. Katika wale wanawake tisa ni mmoja tu aliyekataa, Agneta, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, aliyekuja na mkokoteni akapakia mizizi kadhaa akaipeleka kwenye bonde lenye chemchemi nyuma ya kwao. Wenzake walimcheka. Selpha alimwambia kwamba anahamisha maiti, na watu wakacheka zaidi.

"Cheka tu, mbunifu," Agneta alijibu, akasukuma mkokoteni wake.

Mwezi ule ule Mzee Muhidin alifika mwenyewe, na vikapu vitupu sabini, na sukari yake katika kile cha juu. Alihitaji vipya sitini kabla ya Krismasi. Aliuzunguka uwanja wa murramu, mikono nyuma.

"Nimeanza kazi nyingine, Mzee," Selpha alimwambia. "Ya samaki nimeiacha."

"Hata kumi kwa mwezi, Mama Walter. Tusikatane kabisa."

"Mshika mbili, moja humponyoka."

"Kweli," alisema Muhidin. "Basi omba isiwe hiyo uliyoishika."

Hata hivyo, ili asimrudishe mkono mtupu, Selpha alimpa vikapu ishirini vya mtindo ule ule vilivyosukwa kwa magugu maji. Hapa ndipo mimi hushindwa kumtetea. Mwanamke aliyesubiri mwaka mzima kikapu kikiangushwa kutoka darini, safari hii hakujaribu hata kimoja. Alijua mabua ya magugu hunywa unyevu. Kila aliyeyasuka alijua. Vilipofika Sondu mvua ikanyesha, vikapu vikavimba, samaki wakaoza, na siku ya tatu Muhidin alimwaga samaki wote mtoni mbele ya wateja wake wa miaka ishirini. Hakuja kulalamika. Hakuja tena kabisa, na Selpha, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi, alichukua muda kutambua hilo.

Mwaka mmoja mambo yalikuwa mazuri. Visanduku viliondoka kwa lori mara tatu. Nyumba haikuvuja tena. Kanisani Selpha aliketi popote na hakuna aliyesogea, na ninaamini hiyo ndiyo furaha aliyoipenda kuliko zote.

Mwishoni mwa 1997 ikaja mvua ambayo watu wa huko bado wanaitaja. Mito ilifurika, ziwa likapanda. Magugu, ambayo kwa muda yalikuwa yakitafunwa na wadudu waliopandikizwa ili kuyaangamiza, yakaanza kunyong'onyea na kukatika. Upepo ukayasukuma huku na huko. Asubuhi moja mwaka uliofuata Asembo Bay iliamka ikaona maji, meupe, wazi, hadi upeo wa macho. Wanaume walikimbia na makasia begani. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakaingia kuoga, mchungaji akapiga kengele ingawa ilikuwa siku ya kazi. Katika kijiji kizima alikuwapo mtu mmoja tu aliyelia, akiwa ameketi kwenye uwanja wake wa murramu akitazama ziwa lililopona. Alilia kwa aibu vilevile, kwa sababu alijua analilia nini.

Bwana Gordon alikuja kuaga. Hakuwa mtu mbaya, na alionekana kuona haya. "Mradi ulikuwa wa magugu, Mama," alisema. "Magugu hayapo, na wafadhili wamehamia kwingine." Alimwachia cheti chenye jina lake lililoandikwa kwa herufi za kupendeza. Wale wanawake saba waliobaki walikaa mwezi mmoja wakisubiri neno kutoka kwake, kisha wakatawanyika, wengine kwenda kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, wengine kulima vibarua. Hakuna aliyemtukana usoni.

Lililobaki lilikuwa baya zaidi. Mafunjo yalikuwa ndiyo yaliyoushika ufuo ule, na sasa hapakuwa na mzizi hata mmoja. Mawimbi yalikula murramu, kisha yakala udongo chini ya murramu. Selpha alikwenda kwa Agneta akaomba mizizi ya kupanda. Agneta alimpa mkokoteni mzima. Aliipanda mara mbili, na mara mbili ziwa likaibeba kabla haijashika. Kufikia Agosti maji yalikuwa hatua kumi kutoka nyumba ya Amolo, na kufikia Oktoba ukuta wa nyuma ukaanguka. Ikabidi yule ajuza ahamie kwa binti yake Sondu, akiwa na miaka themanini na kitu, aache makaburi ya mumewe na mwanawe.

Siku ya kuondoka alikuwa ameketi juu ya sanduku lake akisubiri gari. Selpha alipiga magoti mbele yake.

"Nitukane, Mama. Afadhali unitukane."

"Nikikutukana, mafunjo yataota?" Amolo aliuliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akiuliza tu, na gari lilipofika aliingia bila kugeuka nyuma.

Wiki iliyofuata Selpha alikwenda Kisumu kwa Mzee Muhidin. Alipokewa vizuri, akapewa kiti na chai. Nyuma ya kaunta aliviona vikapu vimepangwa hadi darini, kimoja ndani ya kingine.

"Vinatoka wapi, Mzee?"

"Kwa Agneta. Yule wa kwenu. Ana mafunjo yake na wanawake kumi na wawili."

"Hiki ni kikapu changu. Nilikibuni mimi."

"Ni chako, na kila anayeuliza humwambia ni chako," Muhidin alisema taratibu. "Sina kinyongo nawe, Mama Walter. Wallahi sina. Lakini samaki hasafiri ndani ya jina. Nilikungoja mwaka mzima, nikipakia katika magunia na kumwaga nusu njiani. Yule mama alikuja na vikapu sita kichwani, akaniambia nipande darini niviangushe."

Selpha alinywa chai yake hadi mwisho kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Muhidin alimsindikiza hadi barabarani, akamwambia labda Agneta ana nafasi.

Agneta alikuwa nayo, ila si ya kusuka. Alisimama mlangoni pa kibanda chake, mikono ikiwa na vumbi la mafunjo, na nyuma yake walisikika wanawake wakizungumza na kucheka kama walivyokuwa wakicheka zamani kwa Selpha. Selpha alikuwa amejiandaa kwa ulimi wake. Njiani alikuwa amekwisha kujisemea kila neno ambalo Agneta angeweza kumchoma nalo.

"Kusuka kumejaa," Agneta alisema, akitazama pembeni. "Kukata ndiko kuna nafasi. Kukata kwa maji. Najua si kazi ya rika letu."

"Nitakata," Selpha akasema.

"Basi njoo kesho."

Angemcheka, ingekuwa nafuu. Agneta hakumcheka.

Hadi leo, ukipita bonde lile mapema, utamkuta Selpha ndani ya maji hadi kiunoni akikata mafunjo ya mtu mwingine kwa ajili ya kikapu alichokibuni yeye mwenyewe. Hukata mzigo wake, huufunga, huufikisha ukingoni, kisha wanawake wenye mikono mikavu huja kuuchukua. Wageni wakiuliza ni nani aliyebuni kikapu kizuri kama hiki, Agneta, ambaye ni mkweli, huonyesha kwa kidole kule majini, nao hutazama, wakadhani anatania. Kila asikiaye kisa hiki na ayaangalie yanayoota nyuma ya nyumba yake, ayahesabu upya kabla ya kushika jembe: usiache mbachao kwa msala upitao.